Kumkamata Mwalimu Opicho

Mwalimu Patrobas Opicho alikuwa na kipaji cha kukosea. Nasema hivyo kwa heshima zote anazostahili mtu mzima aliyestaafu, ambaye suruali yake huwa imepigwa pasi hata siku ambazo mtaa wetu wote wa Kaloleni, Nairobi, hauna umeme. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na huko nimeona walimu wanaokosea kwa usingizi, kwa haraka na kwa kiburi. Anayekosea kwa ufundi nimemwona mmoja tu.

Kila likizo alitufundisha hesabu katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyumba zetu zilijengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya watu wa reli na wa kanjo, yaani baraza la jiji, na inaonekana mjenzi hakudhani kwamba watu hao wangezaa. Tulibanana kwenye viti, kwenye ndoo zilizopinduliwa, na mmoja wetu juu ya mtungi wa gesi. Ubao uliegemezwa kwenye kabati la vyombo. Mkewe akitaka kikombe, alisubiri mpaka hesabu iishe.

Ufundi wake ulikuwa hivi. Aliandika hesabu polepole, akiisoma kwa sauti kama mtu anayesoma Injili, na mahali fulani akatia kosa. Alipomaliza hakuuliza kitu. Alipuliza vumbi la chaki vidoleni, akageukia dirisha na kutazama nje kama anayengoja mgeni. Hapo ndipo sisi tulipoanza kuhangaika. Macho yalipanda ubaoni, yakashuka, yakapanda tena, mpaka mmoja akapiga kelele, "Nimekukamata, Mwalimu!"

Naye angeinamisha kichwa na kusema, "Umenikamata," kisha akamkabidhi chaki. Aliyemkamata ndiye aliyefundisha kuanzia hapo, mpaka naye akosee na kukamatwa na wenzake. Mwalimu alikaa chini kati yetu, magoti yakimfika kidevuni, akainua mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Ilichukua muda kabla sijagundua kwamba kila kosa lilikuwa na mwenyewe. Kweyu hakupenda hesabu, alipenda mpira. Kosa lake lilifichwa kwenye jedwali la ligi, ambamo timu yake ilikuwa imenyimwa pointi. Siku hiyo Kweyu aliruka kama aliyekalia siafu. Shirleen, ambaye mama yake huuza viatu vya mitumba sokoni Gikomba, aliwekewa makosa ya faida na hasara, na hakuna lililompita. Langu lilizikwa ndani kabisa, chini ya mabano na vipeo, kwa sababu Mwalimu alijua nina majivuno.

"Wewe Phares una macho makali," aliniambia. "Ila unayatumia kutafutia watu aibu. Hebu yafanyie kazi hapa."

Hakumchapa mtu. Hakumwita mtu mjinga. Na sisi tuliozoea kukimbia hesabu tulifika kwake kabla hajanyoa ndevu.

Marion Nabiswa ndiye pekee aliyekuwa hajamkamata. Alikuwa gredi ya nane, msichana mwembamba aliyekaa karibu na mlango, na sauti yake ilikuwa kitu tulichosikia wakati wa kuitika jina. Usidhani hakujua. Mimi niliyekaa nyuma yake niliona: Mwalimu akikosea, penseli ya Marion ilisimama. Ilisimama kabla ya yangu, jambo ambalo sikumtangazia mtu. Kisha ilianza kupanda kidogo kidogo, ikafika usawa wa sikio, ikashuka. Siku moja alimnong'oneza Shirleen, na Shirleen akapiga kelele kwa niaba yake. Mwalimu hakutoa chaki.

"Aliyeliona hajasema," alisema, akageukia dirisha tena. Tukangoja. Marion akainama mpaka nywele zikagusa daftari. Mwishowe Mwalimu alilifuta lile kosa mwenyewe, bila kinyongo, akasema kesho kuna jingine.

Tatizo ni kwamba kesho za Marion zilikuwa zinakwisha. Baba yake, Mzee Nabiswa, ni fundi katika karakana ya reli, mtu wa maneno machache na yote mazito. Shuleni kwa Marion walikuwa wamemwambia kwamba binti yake hashiriki darasani, na yeye aliamua kwamba Nairobi ndiyo iliyomfunga mdomo. Huko kwao Chwele, alisema, hata mbuzi huongea. Kwa hiyo alitoa masharti yake mbele ya mkewe na mbele ya Mwalimu: siku ya kufunga masomo ya likizo angekuja kutazama. Akimsikia Marion akizungumza mbele ya darasa, hata neno moja la maana, Marion angebaki Kaloleni. Asipomsikia, Januari angemkuta kwa nyanya yake, katika shule ambayo baba yake mdogo anafundisha.

Shule hiyo haina maabara. Kwa mtu mwingine jambo hilo lisingekuwa kitu, lakini Marion aliwahi kupelekwa hospitali akiwa na malaria, na kupitia dirisha dogo akamwona mwanamke aliyeinamia hadubini akitazama damu yake. Alimweleza Shirleen kwamba yule mwanamke alitabasamu, kana kwamba amemkamata mwizi. Tangu siku hiyo Marion alijua anachotaka kuwa.

Sasa sikiliza jinsi watu wema walivyolivuruga jambo hili. Siku ya kufunga masomo huwa ni sherehe ndogo. Wazazi huja na mandazi na soda, wazee wa kanisa hualikwa, watoto huvaa sare ingawa ni likizo. Na kwa kuwa mimi nilikuwa nimejisifu nyumbani likizo nzima, mama yangu alijua habari za kumkamata Mwalimu. Alizisimulia kwa wenzake katika umoja wa akina mama, akicheka. Wenzake hawakucheka. Mmoja aliuliza, je, wazee wakisikia watoto wakimpigia Mwalimu kelele kwamba amekosea, watasema watoto hao wamelelewa na nani? Swali hilo likatembea nyumba kwa nyumba.

Kwetu lilifika wakati wa chakula.

"Phares, kesho kuna wageni," Mama alisema. "Usimbishe Mwalimu."

"Lakini Mama, yeye mwenyewe ndiye anataka..."

"Nimesema kitu gani?"

"Nisimbishe Mwalimu."

"Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, funga hilo bakuli."

Ninataka ieleweke kwamba mimi nimeonywa mara nyingi maishani, na maonyo hayo yamenipita kama upepo. Lakini Mama alikuwa amechoka, na alikuwa ameniwekea finyango kubwa ya nyama, nami nikajiwazia kwamba nikitulia siku moja dunia haitaanguka. Isitoshe, Kweyu angekuwepo, na Kweyu hawezi kunyamaza hata kanisani.

Siku ilipofika chumba kilijaa mpaka wazazi wengine wakasimama nje dirishani, mahali pale pale Mwalimu alipozoea kutazama. Mzee Nabiswa alipewa kiti cha mbele. Alivaa koti, akaweka kofia gotini. Marion alikaa mahali pake karibu na mlango, na mama yake alisimama nyuma ya mumewe akimtengenezea binti yake kola kwa ishara za macho.

Mwalimu alianza na maswali ya kawaida. Kweyu alijibu, Shirleen akajibu, mimi nikajibu kwa unyenyekevu ambao ulimtia Mwalimu wasiwasi, akanitazama mara mbili. Kisha alichora tangi la maji. Asubuhi lilikuwa na maji nusu. Mvua ikanyesha, ikaongeza robo ya tangi. Je, tangi sasa lina maji kiasi gani? Akaandika chini yake, kwa mwandiko mzuri, nusu kujumlisha robo, akachora mstari, akaandika mbili juu ya sita.

Akapuliza chaki vidoleni. Akageukia dirisha.

Nilielewa mara moja kosa hilo lilikuwa la nani. Kwa darasa letu lilikuwa jepesi hata kwa mtoto aliyelala. Mwalimu alikuwa ameliandika upande wa kulia wa ubao, karibu na mlango, kubwa, wazi, kama mtu anayeweka maziwa mahali ambapo mtoto anaweza kuyafikia. Ilikuwa zawadi. Marion angesema neno moja tu, baba yake angelisikia, na mambo yangeisha.

Penseli ya Marion ilisimama. Ikapanda. Ikafika sikioni, ikapita sikio. Kisha Marion akamtazama mama yake. Mama Marion alitikisa kichwa, kidogo sana, kama anayefukuza nzi. Penseli ikashuka.

"Phares," Kweyu alininong'oneza, akinipiga teke. "Si umkamate?"

"Mkamate wewe."

"Mathe amenikataza."

"Hata wewe?"

Tukamgeukia Shirleen. Shirleen alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Hapo nikajua kwamba chumba kizima kilikuwa kimeonywa. Watoto wote waliokuwa mle ndani walijua jibu, na wote walikuwa na adabu.

Mwalimu aliendelea kutazama dirishani, lakini dirishani kulikuwa na nyuso za wazazi, na nyuso hizo zilikuwa zimeanza kutazamana. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa. Mwalimu akageuka, akatutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyefika kwake akakuta kufuli limebadilishwa.

Mzee Nabiswa akasimama.

"Mwalimu," alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. "Mimi si msomi. Lakini ukinikatia nusu ya mkate, ukaniongezea robo, halafu nikipima nikute sina hata ile nusu ya kwanza, nitauliza nani ameula."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni kicheko cha watu walioona aibu wakatafuta mahali pa kuiweka.

Mwalimu angeweza kueleza pale pale. Nadhani hata yeye alijua ingesikikaje. Aliinamisha kichwa kama tulivyozoea, akasema, "Umenikamata, Mzee," na kwa mazoea ya miaka akanyoosha mkono kumpa chaki. Mzee Nabiswa aliitazama ile chaki asijue ni ya nini.

"Na hawa watoto," akaendelea, akiwageukia wazee, "wamekaa hapa likizo nzima, na hakuna hata mmoja aliyeona. Hata huyu wangu. Mimi nilishampa Mwalimu sharti langu, na sasa wazee mnisikie. Marion anakwenda Chwele."

Mandazi yaligawiwa. Niliona watoto wakiyala polepole, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyegombania ya pembeni yaliyoungua.

Kesho yake baada ya kanisa Mwalimu alikuja kwetu akaniomba nimsindikize kwa Nabiswa nikawe shahidi. Mimi kuwa shahidi! Nilivaa tai ya shule. Nilitayarisha hotuba yenye utangulizi.

Mzee Nabiswa alitukaribisha vizuri, akamwagiza mkewe chai. Marion alikuwa amekaa kwenye kigoda akikunja nguo, na sanduku lilikuwa wazi sakafuni.

"Mzee, lile kosa nililiweka makusudi," Mwalimu alianza. "Ndivyo ninavyofundisha. Ninakosea ili wao waone. Mtoto akimsahihisha mtu mzima mara moja, haogopi tena hesabu."

Mzee Nabiswa alikoroga chai yake. "Mwalimu, nakuheshimu. Lakini hata Marion alipokuwa mdogo, akimwaga uji alisema ni makusudi."

"Ni kweli, Mzee," nikaingilia, nikisimama. "Mimi kama shahidi niliyekuwepo..."

"Wewe keti."

"Mzee, naapa."

"Phares. Agosti ni nani alipita nyumba kwa nyumba akisema daktari wa mifugo anakuja ukumbini kuchanja kuku?"

Nilitazama chai.

"Nilisimama pale na jogoo kwapani mpaka jua likawa utosini. Akanichafulia shati la kazi. Na uliapa vile vile."

Ulikuwa utani mzuri, sikatai. Ukumbi mzima ulijaa kuku, na mzee mmoja alileta bata akibisha kwamba naye ana haki. Lakini nilipokuwa nimeketi pale na tai yangu, niligundua kwamba ukweli wa kwanza muhimu niliowahi kuubeba haukuwa na mtu wa kuupokea.

"Baba," Marion akasema.

Sote tuligeuka. Alikuwa ameshika sweta, hajaikunja wala kuiacha.

"Jibu ni robo tatu."

Mzee Nabiswa aliweka kikombe chini. "Ulijua jana?"

"Nilijua kabla hajamaliza kuandika."

"Na mara nyingine?"

"Zote. Huwa naona zote." Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, ya mtu anayestahili kusikilizwa. "Akikosea kwa Kweyu naona. Akikosea kwa Phares naona kabla ya Phares."

Angeweza kuliacha hilo la mwisho, lakini alikuwa anasema kweli.

"Sasa kwa nini hukusema?" baba yake akauliza. "Mimi nilikuja pale kwa sababu gani? Nilikaa pale nikiomba Mungu useme."

Marion hakumtazama mama yake. Ilikuwa heshima, nadhani. Lakini Mama Marion aliweka birika mezani kwa nguvu.

"Nilimwambia mimi. Nilimwambia asimkosoe Mwalimu mbele ya wazee. Baba Marion, angemkosoa ungesema nini? Ungesema nimekulelea mtoto asiye na adabu. Sasa nimekulelea mwenye adabu, unamfungia sanduku."

Hakuna aliyekunywa chai. Nje mtu alikuwa anaita watoto wake waoge.

"Kosa ni langu," Mwalimu akasema. "Ningewaeleza wazazi mapema. Niliogopa kwamba mkijua, kila jioni mtawauliza, leo umemkamata Mwalimu? Na wangeanza kutafuta makosa kwa ajili yenu. Nilitaka wayaone kwa ajili yao wenyewe. Mzee, usimwadhibu mtoto kwa ujanja wangu. Umemsikia. Amezungumza."

"Nimemsikia," Mzee Nabiswa alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa, naweza kuapa, ingawa viapo vyangu havina soko. Aligeuza kofia mikononi, upande huu na upande ule. Nikadhani inageuka pamoja na uamuzi wake.

"Nilisema mbele ya wazee," akasema mwishowe. "Nimempigia mama simu, ameshawaambia watu wa kanisa kwamba mjukuu anakuja. Ndugu yangu ameshaomba nafasi kwa mwalimu mkuu, akapewa. Nikirudi leo niseme hapana, nitakuwa mtu wa namna gani?"

"Mtu aliyekosea, akasahihishwa," Mwalimu akasema.

Lilikuwa jibu zuri, zuri kupita kiasi. Mzee Nabiswa alivaa kofia ndani ya nyumba yake mwenyewe, akatushukuru kwa kuja.

Marion alitusindikiza mpaka mlangoni. Mwalimu alimpa mkono kama anavyompa mtu mzima, akamwambia amwandikie akiona kitu kimekosewa kwenye vitabu vya huko. Marion akasema ndiyo. Alisema kwa sauti, tukamsikia vizuri, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuvumilia.

Tulitembea na Mwalimu tukipita nyuma ya ukumbi. Watu waliokuwa wakitoka ibada ya pili walitusalimu, naye aliwajibu wote kwa majina. Kati ya salamu moja na nyingine akaniuliza bila kunitazama:

"Phares, mimi jana nilikuwa na mpango wa pili. Unajua ulikuwa nini?"

"Sijui, Mwalimu."

"Ulikuwa wewe. Nilijua Marion anaweza kushindwa. Nikasema, akishindwa, Phares atapiga kelele, wote watacheka, na wazazi wataelewa namna tunavyofanya. Kisha nitaandika jingine, na hofu itakuwa imemtoka Marion. Nilikutegemea kuliko chaki."

"Mama alinikataza, Mwalimu."

Alisimama. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza kama anavyouliza hesabu ambayo kwa kweli hajui jibu lake.

"Na wewe tangu lini unamsikiliza mama yako?"

Nilitafuta utani wa kumjibu. Ninao mwingi, nimeubeba kutoka bwenini, wa kila namna na kila hali. Tulifika mahali njia zinapogawanyika, akangoja kidogo, kisha akaniambia nimsalimie Mama, akashika njia ya nyumbani kwake.